Nani Anapanda Juu, Korneti au Tarumbeta?

Katika kikundi chetu cha fanfari hapa kambini kuna ubishi ambao niliukuta, na naona nitauacha. Mzee anayetufundisha, ambaye alipuliza korneti kwenye fanfari ya kanisa huko Bukavu tangu miaka ya 1970, anasema korneti inapanda juu kirahisi kuliko tarumbeta. Vijana wanasema kinyume: korneti ni ya watoto, ukitaka noti za juu shika tarumbeta. Kila upande unaapa. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuhakikisha vijana wanafika, wanapata maji ya kunywa na hawapigani, mwaka jana niliamua kuwasikiliza vijana. Uamuzi huo ulimpasua mtu mdomo.

Nianze na hilo, maana bila hilo nisingesoma historia yoyote. Kikundi kina matarumbeta mawili, trombone moja iliyobonyea, ngoma kubwa na korneti moja. Korneti ni ya Mzee mwenyewe. Alivuka nayo Ziwa Tanganyika ikiwa imeviringishwa ndani ya kitenge cha mke wake, na pistoni zake tunazilainisha kwa mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta yake halisi hatuyapati. Siku hizi anayeipuliza ni binti wa miaka 16. Mzee alimchagua kwa sababu, alivyosema yeye, "huyu hana haraka".

Tulikuwa tunajiandaa kwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Wimbo wetu ulikuwa unamalizikia kwenye do ya juu, ile inayoandikwa kwa vistari viwili vya nyongeza juu ya mistari mitano, na ilitakiwa ishikiliwe kwa hesabu nane. Binti alikuwa anaipata. Si kila mara, lakini jioni nilikuwa namsikia karibu na kituo cha maji, inatoka laini, kama mtu anayeimba peke yake akifua. Mimi nikafikiri: laini hivyo, watu wa nyuma watasikia nini? Halafu korneti yenyewe fupi, imekunjwakunjwa, inaonekana kama kitu cha kuchezea. Nikachukua noti ile nikampa kijana wa tarumbeta, miaka 17, mwenye mapafu kama mvukuto.

Haikutoka. Ikawa inatoka sol, inatoka la, halafu upepo mtupu. Nikamwambia: "Kandamiza." Alikandamiza. Siku iliyofuata nikamwambia akandamize zaidi. Alikuwa anavuta tarumbeta usoni mpaka duara la chuma linabaki limechorwa mdomoni hata baada ya mazoezi, na mimi nikaliona duara lile kama alama ya bidii. Wiki ya tatu, siku mbili kabla ya sherehe, mdomo wa juu ukapasuka kwa ndani. Alitema damu kwenye mkono wake akaniangalia.

Mama yake alikuja jioni ile. Hakupiga kelele. Alisema, "Wewe ndiye wanakuita yaya wao," akakaa kimya kidogo, akaondoka. Kijana alikunywa uji wa baridi kwa siku kadhaa. Siku ya sherehe tulimalizia wimbo kwenye do ya chini, wageni wakapiga makofi, hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kilipungua. Binti naye hakusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko maneno ya yule mama.

Nilimfuata Mzee nikamwomba anieleze kwa nini korneti inapanda kirahisi. "Nilikuambia," akasema. Nikasema ndiyo Papa, uliniambia, lakini kwa nini? Hapo hakuwa na jibu. Alifundishwa hivyo na mwalimu wake, na mwalimu wake alifundishwa na mmisionari. Basi nikaanza kutafuta mwenyewe, usiku kwa simu, bando likiisha nasubiri wiki nyingine.

Kabla ya kusoma nilipima. Nilichukua uzi wa kushonea, nikaufuatisha kwenye bomba la tarumbeta kutoka mwanzo hadi upande mpana wa mbele, nikaweka fundo. Nikafanya vilevile kwenye korneti. Kwenye pistoni inabidi ukisie kidogo. Lakini mafundo yale mawili yalikaribiana kiasi kwamba sikujua kama tofauti ni ya bomba au ya mkono wangu. Zote ni karibu mita moja na nusu. Korneti inaonekana fupi kwa sababu imekunjwa mara nyingi zaidi, ndiyo maana inakaa karibu na kifua na mkono wa mtoto unaiweza. Zote mbili ni za si bemoli. Kwa hiyo "korneti ni ndogo" ni uongo wa macho, na mimi niliudanganyikia nikiwa na macho mawili.

Urefu wa bomba ni jambo kubwa hapa, na ndilo lenye historia yote, kwa hiyo wasiopuliza wanivumilie aya moja. Bomba lisilobonyezwa pistoni halitoi kila noti. Linatoa noti zake tu, zimepangwa kama vipandio vya ngazi ya ajabu: chini vipandio viko mbalimbali, juu vinakaribiana. Midomo ndiyo inayochagua kipandio, kwa kukaza na kwa kasi ya hewa. Pale chini ukikosea kidogo bado unaangukia kipandio chako, kwa sababu jirani yuko mbali. Juu majirani wamebanana, ukikosea kidogo tu umeingia nyumba ya mwingine. Katika bomba la si bemoli, ile do yetu ya juu ni kipandio cha 8. Na kwa kuwa bomba la korneti na la tarumbeta la leo ni la urefu mmoja, do iko kwenye kipandio cha 8 kwa wote wawili. Hakuna aliyependelewa.

Lakini matarumbeta hayakuwa hivi siku zote, na hapo ndipo Mzee alipoanza kupata haki.

Matarumbeta ya Ulaya ya zamani hayakuwa na pistoni kabisa. Lilikuwa bomba refu tupu. La re, ambalo lilitumika sana Ujerumani wakati wa Johann Sebastian Bach, lilikuwa na zaidi ya mita mbili. Kwa vile vipandio vya chini viko mbalimbali mno kuweza kupiga wimbo, wapigaji walilazimika kwenda kuishi juu kabisa, kwenye kipandio cha 8 hadi cha 16 na zaidi, ambako vimekaribiana na wimbo unawezekana. Ilikuwa kazi ya watu wachache, wenye vyama vyao vilivyolinda ufundi kama siri ya ukoo. Mmoja wao alikuwa Gottfried Reiche wa Leipzig, aliyempulizia Bach. Tarehe 6 Oktoba 1734, akiwa na miaka 67, alianguka njiani akirudi nyumbani, akafa. Usiku uliotangulia alikuwa amepuliza kwenye sherehe ya kumheshimu mtawala, nje, katikati ya moshi wa mienge, na watu wa wakati ule walisema kazi hiyo na moshi huo ndio uliommaliza. Niliposoma hapo nilizima simu kwanza. Mzee wa miaka 67, sherehe ya wakubwa, noti za juu.

Pistoni zilikuja karne iliyofuata. Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walisajili uvumbuzi wao pamoja mwaka 1818. Maana ya pistoni ni rahisi: ukibonyeza, unaongeza kipande cha bomba, unapata ngazi nyingine yenye vipandio sehemu nyingine. Ukiwa na pistoni tatu unapiga noti zote hata chini, huhitaji tena kuishi juu ya mnazi kama Reiche. Wafaransa, mwishoni mwa miaka ya 1820, walichukua baragumu ndogo ya posta, ile ya mviringo iliyokuwa inapigwa kutangaza gari la barua, wakaitia pistoni. Hiyo ndiyo korneti. Haikuzaliwa ikulu wala kanisani. Ilizaliwa barabarani, kwa watu wa barua, halafu ikaenda moja kwa moja kwenye kumbi za dansi.

Sasa weka vyombo viwili vya wakati huo pamoja. Korneti, bomba fupi, mita moja na nusu hivi. Tarumbeta la okestra la katikati ya karne ya 19, sehemu nyingi lilikuwa la fa, bomba karibu mita 1.8. Ile sauti ambayo kwenye korneti ni kipandio cha 8, kwenye tarumbeta la fa imesogea hadi kipandio cha 11 au 12, kule ambako majirani wamebanana. Mpiga korneti anaikuta noti imesimama peke yake. Mpiga tarumbeta anaitafuta kwenye umati. Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 1850 kwamba korneti inapanda juu kirahisi alikuwa anasema kitu ambacho unaweza kukithibitisha kwa uzi wa kushonea. Berlioz, katika Symphonie fantastique, aliandika sehemu za korneti mbili na matarumbeta mawili, kila jozi na kazi yake. Okestra nyingine hazikujisumbua, ziliwapa wapiga korneti hata sehemu za tarumbeta kwa sababu hawakosei sana, na wenye masikio ya kuchagua wakalalamika kwamba ule ukali wa tarumbeta umepotea.

Aliyeifanya korneti iheshimiwe ni Jean-Baptiste Arban, aliyezaliwa Lyon mwaka 1825. Mwaka 1864 alitoa kitabu kikubwa cha mazoezi, na mwaka 1869 akawa mwalimu wa korneti kwenye chuo cha muziki cha Paris. Kitabu chake bado kinatumika dunia nzima. Wapiga tarumbeta wanakiita Biblia yao, na wengi wanasahau kwamba hakikuandikiwa tarumbeta. Uingereza nako, bendi za wafanyakazi wa migodi na viwanda zilijengwa juu ya korneti. Jeshi la Wokovu likaingia hapohapo: mwaka 1878 familia ya Fry ya Salisbury, baba na wanawe watatu, walianza kupuliza kwenye mikutano ya mtaani, na baada ya hapo kila walikokwenda walikwenda na shaba. Kenya walifika 1921, Kongo 1934. Ukiongeza fanfari za Wakimbangu na za misheni nyingine, unaelewa kwa nini kwetu mtu anaweza kukosa viatu na akajua kusoma noti. Nadhani neno la Mzee lilikuja kwa njia hiyo. Lilitoka Ulaya likiwa kweli, likasafiri kwa meli, likafika Bukavu limechakaa.

Maana njiani kuna kitu kilibadilika. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 wapiga tarumbeta wa okestra walichoka kukosea wakaanza kutumia matarumbeta mafupi, ya si bemoli na ya do. Tarumbeta likawa na urefu wa korneti. Tangu siku hiyo sababu ya zamani ilikufa, lakini msemo uliendelea kutembea. Watu hawatangazi kifo cha sababu.

Marekani ndiko korneti ilikofika kileleni. Mpigaji aliyesifika kuliko wote alikuwa Herbert L. Clarke, nyota wa bendi ya John Philip Sousa. Alikuwa na pumzi ndefu na noti za juu zisizotetemeka, kwa korneti. Januari 1921 kijana mmoja, Elden Benge, alimwandikia kuuliza kama ahamie tarumbeta. Barua ya Clarke ya kumjibu ipo hadi leo na ni kali kweli. Alimkataza. Alisema tarumbeta ni mtindo wa kupita kutoka nje, halifai kwa mpigaji wa peke yake, na limeibuka kama huo muziki wa jazi ambao yeye aliuona ni wa shetani. Mimi nimelelewa kanisani, naijua sauti hiyo. Benge hakumsikiliza. Aliishia kuwa tarumbeta wa kwanza wa okestra ya Chicago, na baadaye akatengeneza matarumbeta yenye jina lake. Simcheki Clarke. Kuhusu noti za juu alikuwa na haki, zilikuwa zinatoka kwenye korneti na aliyebisha angeweza kwenda kumsikiliza. Alichokosea ni kudhani watu wanachagua chombo kwa sababu ya noti.

Aliyeonyesha hilo ni Louis Armstrong. Usiku wa kuamkia mwaka 1913, huko New Orleans, alifyatua bastola hewani akiwa na miaka 11, akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebishia watoto weusi. Mwalimu wa bendi, Peter Davis, hakumpa korneti siku ya kwanza. Alimpitisha kwenye vyombo vingine kwanza, ndipo akafika. (Wenzangu mnaofanya kazi na vijana, kasomeni habari za Peter Davis. Mimi nimezisoma mara tatu.) Mwaka 1922 Armstrong alikwenda Chicago kupiga korneti ya pili chini ya King Oliver. Katikati ya miaka ya 1920, akiwa kwenye okestra ya Erskine Tate iliyopigia filamu za kimya katika ukumbi wa Vendome, alihamia tarumbeta. Na sababu aliyoitoa mwenyewe ni ya kuchekesha: mwenzake wa pembeni alikuwa na tarumbeta refu, na yeye na kikorneti chake akaona wanaonekana vibaya. Basi. Si do ya juu. Alikuwa anazipata tayari. Ilikuwa jinsi anavyoonekana, kitu kilekile kilichonidanganya mimi.

Bila shaka sikio nalo lilichangia. Bendi zilikuwa zinakua, kumbi zinakua, na sauti ya tarumbeta inachoma mbali. Mwaka 1928, tarehe 28 Juni, Armstrong alirekodi West End Blues kwa tarumbeta, na karibu na mwisho anashika ile do ya juu, hiyohiyo yetu, karibu vipimo vinne vizima. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anasimama jukwaani anapiga do ya juu mia na zaidi mfululizo, watu wanahesabu kwa sauti, halafu anamalizia na fa juu yake. Baada ya hapo mtoto gani angeuliza swali? Mtu wa noti za juu ameshika tarumbeta, kwa hiyo noti za juu zimo ndani ya tarumbeta. Hivyo ndivyo msemo wa vijana wetu ulivyozaliwa, na wenyewe hawajui kwamba wanamnukuu Armstrong. Wakati huohuo, katika okestra ya Duke Ellington, Rex Stewart alikuwa amekaa na korneti katikati ya matarumbeta, anapanda nayo bila kuomba ruhusa.

Na midomo je? Sehemu hii niliisoma polepole. Armstrong alikuwa anakandamiza. Mwishoni mwa 1933, akiwa London, mdomo wake ulipasuka jukwaani, na mwaka 1934 alikaa Paris miezi akipumzika. Kovu alibaki nalo, linaonekana kwenye picha. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa Hispania, Jaime Planas, alieleza jeraha la msuli unaozunguka mdomo kwa wapiga vyombo vya shaba, akaliita kwa jina la utani la Armstrong, Satchmo. Yaani kilichompata kijana wetu kina jina hospitalini. Chake kilikuwa kidogo, kilipona. Lakini kina jina, na mimi nilikuwa nakiita bidii. Ukikandamiza chuma kwenye mdomo unafunga damu isipite, na msuli usio na damu hautetemeki vizuri. Unapata noti moja leo kwa kuazima mdomo wa kesho.

Mnamo tarehe 28 Oktoba 1960 Armstrong alitua Léopoldville, akabebwa mabegani juu ya kiti kama chifu. Alikuwa amepelekwa na serikali ya Marekani. Katika mji uleule Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake na askari. Mwezi uliofuata alipiga Elisabethville, kwa Tshombe. Nilimuuliza Mzee kama anakumbuka. Alisema alikuwa Bukavu anachunga mbuzi, hakualikwa. Halafu akaongeza kwamba walipoanza fanfari, kila mvulana alitaka tarumbeta kwa sababu ya mtu huyo, na korneti zilibaki kwa wale waliochelewa kufika. Yeye alichelewa.

Sasa nisiwafanye muamini kwamba vyombo hivi ni kitu kimoja. Kuna tofauti, ila si ile tunayogombania. Bomba la tarumbeta linakaa na upana uleule sehemu kubwa ya safari, linapanuka mwishoni. La korneti linapanuka mapema na polepole zaidi, kama pembe ya ng'ombe. Na kile kipande cha kuweka mdomoni, sisi tunakiita ambushuri, cha tarumbeta ni kama kikombe kifupi, cha korneti kina kina zaidi, kama faneli. Ukichanganya hayo mawili, sauti ya korneti inakuwa nene na ya duara, na juu kabisa hainga'ri. Ya tarumbeta inang'ara na kwenda mbali. Kwa hiyo mpiga korneti akifika do anajisikia hajafika, kwa sababu haisikiki kama ushindi, naye anaanza kusukuma. Wapigaji wengi wanasema pia kwamba noti ya tarumbeta ikishika imeshika, wakati ya korneti unaweza kuiinamisha na kuiteleza, jambo zuri kwa wimbo na baya kwa mwenye sikio legevu. Na ukiweka ambushuri yenye kina kwenye tarumbeta, au ya kina kifupi kwenye korneti, nusu ya ubishi unayeyuka. Bendi za Uingereza zenyewe zikitaka kwenda juu sana hazibishani: zina korneti ndogo ya mi bemoli, fupi kweli kwa uzi, na noti za juu zinapewa huyo.

Nilimwonyesha Mzee ule uzi wenye mafundo. Aliushika muda mrefu, akaupima mwenyewe upya kwa kidole. "Kwa hiyo walikata tarumbeta," akasema, "na hawakutuambia." Bado anasema korneti inapanda kirahisi. Nimeacha kumsahihisha, kwa sababu anapomfundisha binti hasemi chochote kuhusu urefu. Anamwambia asivute chombo usoni, akishike kwa mkono wa kushoto kama anashika yai, aanze chini kwa noti ndefu, na akichoka aache. Labda ndiyo maana kwake inapanda.

Kijana wa tarumbeta nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, na kwa mama yake nilikwenda na Mzee, kama inavyotakiwa. Alikaa wiki tano bila kupuliza. Sasa anapiga sehemu ya pili, na ule mkandamizo umekuwa kama tabia: akifika la mkono unaanza kuvuta wenyewe, inabidi nimguse kiwiko. Hafurahi. Anasema binti kapewa noti yake. Nimemwambia ilikuwa ya binti tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeihamisha, na hilo nalo hakulipenda sana.

Binti bado anaipiga laini. Juni hii tumemsogeza mbele, hatua tatu kutoka kwa wengine, na trombone itashuka sauti kwenye hesabu zile nane. Spring ya pistoni yake ya pili imelegea, tumeweka ya kalamu ya wino. Inashikilia kwa siku mbili tatu, halafu tunatafuta kalamu nyingine.